Leza si dawa ya kila jicho

Miongoni mwa vijana wa Makadara, Kibokoni na Mji wa Kale mjini Mombasa wanaovaa miwani, swali moja halikauki mdomoni: ni wapi mtu anaweza kupigwa leza, na kwa shilingi ngapi, ili avue miwani asiivae tena? Matangazo ya simuni yanalichochea swali hilo kwa picha za watu wanaotupa miwani huku wakicheka. Lakini ukiangalia vibarazani katika mitaa hiyo hiyo, utaona jambo jingine. Mshonaji wa kofia za vito anaisogeza sindano mbali na uso mpaka mkono unyooke, anaukosesha uzi tundu mara mbili, mara tatu, kisha anamwita mtoto amtungie. Na mtoto huyo huyo, akiwa darasani, hunakili kutoka kwenye daftari la mwenzake kwa sababu maandishi ya ubaoni anayaona ukungu mtupu. Habari za leza zinazungumzwa kila siku. Mshonaji na mtoto hawana wa kuwasemea.

Leza ni tiba ya kweli, iliyofanyiwa utafiti wa miaka mingi, na kwa baadhi ya watu ni tiba nzuri mno. Hata hivyo, ni njia moja kati ya nyingi, na kwa nyumba nyingi za mitaa yetu si ya kwanza wala si ya pili. Kinachotangulia ni kipimo kamili cha macho, kisha tiba inayolifaa jicho lililopimwa. Tukigeuza mpangilio huo, tukachagua mashine kwanza halafu tukaitafutia jicho, tutapoteza fedha, na wapo watakaopoteza uwezo wa kuona.

Leza inafanya kazi gani

Mbele ya jicho kuna utando angavu uitwao konea, ambao katikati una unene wa takriban nusu milimita. Konea hushirikiana na lensi iliyo nyuma ya mboni kuukunja mwanga ili utue sawasawa kwenye retina, yaani utando wa ndani kabisa wa jicho. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, na mtu huona vizuri vya karibu lakini vya mbali humpotea. Likiwa fupi, shida huwa kinyume chake. Konea isipokuwa na mviringo ulio sawa pande zote, herufi huwa na vivuli na mistari huonekana imepinda. Hiyo ndiyo astigmatizimu. Leza hairefushi jicho wala hailifupishi. Inachofanya ni kuichonga konea kwa vipimo vidogo mno, ili umbo lake jipya lisahihishe njia ya mwanga.

Njia zenyewe hazifanani. PRK, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1995, huanza kwa kuondoa tabaka la juu kabisa la konea. Daktari hupiga leza, kisha tabaka hilo huachwa liote upya lenyewe. Siku chache za mwanzo zina maumivu, na macho hutengenea polepole kwa wiki kadhaa. Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, hukifunua, hupiga leza chini yake na kukirudisha mahali pake. Wengi huona vizuri siku ya pili, na ndiyo sababu imependwa kuliko nyingine. SMILE, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, haina kifuniko. Leza hutenga kijipande chembamba ndani ya konea, nacho huvutwa nje kupitia mkato wa milimita chache. Njia hii hutumika zaidi kwa wasioona mbali. Kila moja ina faida na hasara. PRK huweza kumfaa mwenye konea nyembamba kiasi, au mtu wa kazi na michezo ya vishindo ambaye kifuniko cha LASIK kinaweza kumhangaisha, ila inataka subira na matone ya dawa kwa muda mrefu zaidi. LASIK ina wepesi, lakini hukata mishipa mingi ya fahamu ya konea, na macho makavu ni lalamiko la kawaida baada yake.

Mkazi wa pwani ana mengine ya kuongeza kwenye hesabu hiyo. Aliyefanyiwa PRK huambiwa avae miwani ya jua miezi ya mwanzo, kwa sababu mionzi mikali inaweza kuchangia konea kuingia ukungu. Mvuvi, mchukuzi na mwendesha bodaboda, ambao jua ndiyo ofisi yao, wanapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa hata senti. Maji nayo hayatakiwi kuingia jichoni siku za mwanzo, kwa hivyo mwenye kutawadha mara tano kwa siku apange mapema na daktari wake na sheikh wake. Kuhusu matone wakati wa Ramadhani, yasiachwe kwa hofu ya saumu: katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, tone la jicho halibatilishi funga.

Njia zisizo za leza

Anayeambiwa konea yake haifai kuchongwa hajafungiwa mlango. Ipo lensi ndogo ya kupandikizwa, ICL, ambayo daktari huiweka mbele ya lensi ya asili, nyuma ya duara la jicho lenye rangi. Humsaidia hasa mwenye namba kubwa ya miwani ambayo leza ingeila konea kupita kiasi, na ikibidi inaweza kutolewa. Lakini huo ni upasuaji wa ndani ya jicho. Unaweza kupandisha presha ya jicho au kuleta mtoto wa jicho mapema, kwa hivyo mwenye lensi hiyo anapaswa kuendelea kukaguliwa maisha yake yote.

Zipo pia lensi za kuvaa na kuvua, zikiwemo ngumu zinazovaliwa usiku ili kuibonyeza konea kwa muda, mtu akashinda mchana kutwa bila miwani. Hizi hazikati chochote, lakini zinadai usafi wa hali ya juu. Hazioshwi wala hazihifadhiwi kwa maji ya kawaida, kwa kuwa vijidudu vya majini vinaweza kuitoboa konea na kuacha kovu la kudumu. Katika mji ambao nyumba nyingi hununua maji ya mkokoteni au huchota kisimani, onyo hilo si la kupuuzwa.

Wazee nao wana njia yao. Mnamo tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, daktari Harold Ridley alianza kazi ya kuweka lensi ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Leo operesheni hiyo ni miongoni mwa zinazofanywa kwa wingi zaidi duniani. Jicho likipimwa vizuri kabla, operesheni huondoa ukungu na hapo hapo lensi inayowekwa husahihisha namba ambayo mzee amekaa nayo tangu ujanani. Kwa hapa kwetu, hospitali za macho za Lighthouse for Christ mjini Mombasa na Kwale Eye Centre kule kusini zimefanya kazi hii kwa miaka mingi. Bibi mwenye mtoto wa jicho hahitaji kuchongwa konea. Akimaliza akiba ya familia kwa kufuata tangazo la leza, atakuwa amenunua dawa ya ugonjwa ambao hana.

Macho ambayo leza haiyafai

Nani basi asipigwe leza? Kwanza ni mtoto. Jicho lake bado linakua, na namba yake inabadilika mwaka hadi mwaka. Madaktari husubiri angalau miaka 18, na namba iwe imetulia kwa takriban mwaka mzima. Mama mjamzito na anayenyonyesha huambiwa asubiri. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa na mwenye macho makavu sana hutakiwa kutibiwa hayo kwanza.

Lakini wa kuhofiwa zaidi ni yule ambaye konea yake inadhoofika na kuchongoka polepole, ugonjwa uitwao keratokonasi. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na kufikicha macho sana kunahusishwa nao. Tunawajua watoto wetu ambao macho huwawasha na kuwa mekundu, wakayafikicha kutwa kucha. Uchunguzi mmoja wa watoto na vijana jijini Riyadh, Saudi Arabia, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta ugonjwa huu kwa takriban mmoja kati ya kila 21. Konea ya namna hiyo ikichongwa kwa leza, inaweza kuendelea kubonyea mpaka miwani isisaidie tena. Tiba yake ni nyingine kabisa: matone ya vitamini B2 yakifuatwa na mwanga wa urujuanimno, ili kuikaza konea na kuzuia ugonjwa usiendelee. Kinachomtofautisha kijana anayefaa leza na yule ambaye leza itamharibia ni ramani ya konea inayochorwa na mashine maalumu. Bila ramani hiyo, asikubali mtu kulazwa kitandani.

Kuna na hawa waliotimiza miaka 40. Umri huo ukifika, lensi ya asili huanza kukakamaa, na kusoma msahafu, ujumbe wa simu au karatasi ya dawa kunakuwa kazi. Leza ya kuona mbali haizuii hali hiyo. Kijana aliyevua miwani akiwa na miaka 25 ajue kwamba huenda akahitaji ya kusomea akifika 45. Na aliyekuwa na namba kubwa ajue pia kuwa jicho lake linabaki refu hata baada ya leza, na hatari ya retina kubanduka haijaondoka. Kukaguliwa hakukomi siku miwani inapovuliwa.

Tuseme kweli kwa pande zote. Wengi wa waliofanyiwa LASIK huridhika. Hata hivyo, utafiti wa mamlaka ya dawa ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafuatilia watu ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na vivuli wala miale ya taa machoni, ukakuta zaidi ya asilimia 40 kati yao wameanza kuona angalau dalili moja ya aina hiyo miezi mitatu baadaye. Kwa wengi si dalili za kumzuia mtu kazi. Lakini dereva wa usiku anastahili kuambiwa kabla, si baada.

Miwani na riziki

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana matatizo ya kuona, na kwamba angalau bilioni moja kati yao wana tatizo ambalo lingezuiwa au bado halijatibiwa. Sehemu kubwa ya hao bilioni moja hawahitaji upasuaji wowote. Wanahitaji miwani.

Je, miwani ya kusomea inaweza kuongeza unga jikoni? Nchini Bangladesh, watafiti waliwagawa katika makundi mawili watu zaidi ya 800 wenye miaka 35 hadi 65, wakiwemo mafundi cherehani na wafumaji. Kundi moja lilipewa miwani ya kusomea bure, jingine likasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa baada ya miezi minane, waliopewa miwani walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban thuluthi moja. Huko Assam, India, wachumaji chai wenye miaka 40 na zaidi waliopewa miwani walichuma zaidi ya wenzao kwa takriban asilimia 22. Na China, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto wa shule waliopewa miwani bure walipanda katika hisabati.

Sasa turudi Makadara. Kofia ya vito ni kazi ya matundu madogo madogo, kila moja likizungushiwa uzi kwa mkono. Mshonaji asiyeona tundu hushona polepole, hukosea, hufumua, na mwishowe huacha kazi akiwa katika umri ambao ujuzi wake umekomaa. Vivyo hivyo kwa fundi saa, sonara, mpambaji hina, mwalimu wa chuo cha Kurani na muuza leso wa Biashara Street anayehesabu noti jioni. Leza haitamrudisha kazini mtu ambaye kwa shilingi mia chache za miwani ya kusomea angeendelea kulisha nyumba. Tukimwacha aache kazi, tumepoteza kipato chake, na tumempoteza fundi aliyekuwa awafundishe wengine.

Hoja za wanaopinga

Watakuwepo wa kusema: miwani huvunjika, hupotea, hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na ukijumlisha gharama za miaka 20 huenda leza ikawa nafuu. Hoja hiyo ina uzito, nami siikatai. Kijana mwenye miaka 25, mwenye namba iliyotulia, konea nzuri na akiba yake mwenyewe, anayefanya kazi ambayo miwani humtatiza, ana haki ya kufanya hesabu hiyo na kuchagua leza bila kulaumiwa. Ninachokataa ni hesabu hiyo kufanywa kwa mkopo, kwa kuuza dhahabu ya mama, au kwa kuchukua karo ya wadogo zake. Bei ya leza huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi kwa jicho moja. Katika nyumba yenye baba wa miaka 50, bibi mwenye ukungu na watoto watatu ambao hawajawahi kupimwa, fedha hizo zina kazi ya kutangulia.

Wengine watataja aibu: kwamba msichana mwenye miwani hachumbiwi, na kwamba miwani huyalegeza macho. La pili si kweli kabisa. Miwani iliyopimwa vizuri hailidhoofishi jicho, na mtoto anyimwapo miwani anayohitaji ndipo anapoumia, katika masomo na katika kukua kwa uoni wake. La kwanza ni desturi tuliyoianzisha wenyewe, na tunaweza kuiacha wenyewe. Imamu, mwalimu wa chuo na mwalimu wa shule wakivaa miwani yao hadharani na kusifu anayeivaa, watafanya kazi ambayo hakuna mashine inayoiweza. Kumpasua mtu jicho zima ili kuwaridhisha wasengenyaji si tiba.

Wapo pia wanaosema suluhisho ni kusafiri. Familia za Mombasa zimezoea kwenda India kutafuta matibabu, na hospitali za macho za huko zina sifa. Lakini upasuaji wa konea hauishi siku ya kushuka ndege. Matone, ukaguzi na uangalizi wa presha ya jicho huendelea kwa miezi. Nani atakukagua ukiwa umerudi Makadara, na je, amekubali kabla hujaondoka? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Daktari mzuri ni yule anayeweza kukuambia leza haikufai, hata kama umekwenda na fedha mkononi.

Yatupasayo sasa

Familia ina maswali yake ya kuuliza kabla ya kukubali leza. Konea ina unene gani, na ramani yake inaonyesha nini? Namba imetulia kwa muda gani? Kwa nini njia hii na si ile nyingine? Bei iliyotajwa inajumlisha matone, ukaguzi wa miezi ijayo na marekebisho yakihitajika? Ikiwa majibu hayatolewi kwa lugha inayoeleweka, mgonjwa aondoke.

Serikali ya kaunti nayo ina wajibu, na haihitaji kubuni jipya. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, utafiti uliofanywa katika shule 50 na kuchapishwa mwaka 2018 uliwatumia walimu kupima macho ya wanafunzi kwa simu, huku wazazi wakikumbushwa kwa ujumbe mfupi. Kati ya watoto waliokutwa na shida, asilimia 54 walifikishwa hospitalini, ikilinganishwa na asilimia 22 katika shule zilizofuata utaratibu wa kawaida. Kama Trans Nzoia wameweza, Mombasa inashindwa na nini? Wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, walikabidhiwa vifaa vya kazi mwaka 2023 na wanaingia majumbani. Wafundishwe kupima uoni wa karibu na kumwelekeza mtu Hospitali Kuu ya Pwani au kliniki iliyo karibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa macho hujengwa kwa gharama kubwa.

Kisha tuwakinge wadogo. Watafiti wanakadiria kuwa kufikia mwaka 2050 takriban nusu ya watu duniani watakuwa hawaoni mbali. Jijini Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walipata tatizo hilo kwa asilimia 30 katika miaka mitatu, dhidi ya karibu asilimia 40 kwa wenzao. Mwanga wa mchana haununuliwi. Lakini mtoto wa mitaa yetu hutoka shule akaingia chuoni, akitoka chuoni akaingia kwenye simu. Anaoga jua saa ngapi? Uwanja wa Makadara, na kila kiwanja kilichobaki kisiwani, kilindwe kama kinavyolindwa kituo cha afya, na walimu wa shule na wa vyuo wakubaliane muda wa watoto kutoka nje.

Mzazi mwenzangu, mpeleke mtoto akapimwe macho kabla muhula huu haujaisha, hata kama hajalalamika, maana asiyewahi kuona vizuri hajui anachokosa. Uliyetimiza miaka 40, nenda ukapimwe namba ya kusomea na presha ya macho siku moja. Na wewe kijana unayeweka akiba ya leza, endelea kuweka, ila shilingi ya kwanza ya akiba hiyo ilipie kipimo kamili na ramani ya konea. Jicho likishapimwa, njia inayolifaa itajulikana.